Mwenye nyumba mstaarabu aliyepiga kura ya Hapana

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninakuandikia kutoka Tabata. Mdogo wangu anasoma Melbourne, na mwezi Oktoba 2023 alikuwa huko wakati Waaustralia walipopiga kura ya maoni kuhusu watu wa asili wa nchi ile. Mwenye nyumba wake ni Mzungu wa makamo, mtu mpole aliyempokea vizuri na ambaye hajawahi kumtolea neno baya. Naye alipiga kura ya Hapana, akasema raia wote ni sawa na haoni sababu ya kundi moja kupewa chombo chake. Mdogo wangu ameshindwa kumwelewa. Je, mtu huyo ni mbaguzi? Na rangi ya mtu, pamoja na namna anavyowaona watu wa asili, vinaathiri vipi msimamo wake wa kisiasa? Sisi Watanzania tuna jambo la namna hiyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na unisalimie huyo mdogo wako. Nitaanza na kura yenyewe, kwa sababu mwenye nyumba wake hawezi kueleweka mpaka ijulikane aliulizwa nini.

Tarehe 14 Oktoba 2023 wapiga kura wa Australia waliulizwa kama katiba yao ibadilishwe ili iwatambue Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait kuwa watu wa kwanza wa nchi hiyo, na ianzishe chombo kilichoitwa Sauti, ambacho kingelishauri Bunge na serikali katika mambo yanayowahusu. Chombo hicho kisingeweza kutunga sheria wala kuzuia sheria yoyote. Kingetoa ushauri tu. Takriban asilimia 60 walisema Hapana. Majimbo yote sita yalikataa, na ni eneo la mji mkuu, Canberra, pekee lililokubali. Sasa rudi nyuma hadi Mei 1967. Nchi hiyo hiyo iliulizwa kama ifute maneno ya katiba yaliyowatenga Waaborijini, yakiwamo yale yaliyozuia wasihesabiwe katika idadi ya watu wa taifa, na zaidi ya asilimia 90 walisema Ndiyo.

Sidhani kwamba wajukuu walikuwa wabaguzi kuliko babu zao. Kilichobadilika ni swali. Mwaka 1967 swali lilikuwa: je, hawa nao ni raia kama sisi? Mwaka 2023 lilikuwa: je, hawa walikuwapo kabla yetu, na kuwapo kwao kabla yetu kuna uzito wowote hadi leo? Mtu anaweza kulijibu swali la kwanza kwa moyo mweupe kabisa, kisha la pili likamchoma. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipo mwenye nyumba wa mdogo wako, na ndipo walipo watu wengi sana duniani.

Wanaochunguza siasa za rangi hutenganisha mambo mawili ambayo mtaani tunayaita kwa jina moja la ubaguzi. La kwanza ni utambulisho, yaani kiasi ambacho mtu anajihesabu kuwa mmoja wa kundi fulani na kuona kwamba heri ya kundi hilo ni heri yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyezaliwa Poland na kufanya kazi Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi kwa kigezo kisicho na uzito wowote, kama vile kupendelea picha za mchoraji Klee au za Kandinsky, kisha akawataka wagawe fedha kidogo kwa wenzao wasiowajua hata kwa majina. Wavulana walipendelea kundi lao. Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba mara nyingi walikubali kundi lao lipate fedha pungufu, mradi pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa. Hapakuwa na historia kati yao, wala chuki, wala ardhi ya kugombania. Jina la kundi lilitosha.

Jambo la pili ni kinyongo dhidi ya kundi jingine, na hili si kivuli cha lile la kwanza. Ashley Jardina, aliyechunguza Wazungu wa Marekani, ameonyesha kwamba wengi wanaouthamini sana Uzungu wao hawana lazima ya kuwachukia Weusi; mara nyingi wanachofanya ni kutetea kwa nguvu programu wanazoziona kuwa za watu wao, kama pensheni na bima ya matibabu ya wazee. Wapo pia wenye kinyongo kikubwa ambao ukiwauliza kuhusu rangi yao watakuambia hawajawahi kuifikiria. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba haoni rangi, huenda anasema kweli kuhusu utambulisho wake, na bado hujajua lolote kuhusu kinyongo chake.

Kinyongo hicho kina sura yake ya kisasa. Mwaka 1981 Donald Kinder na David Sears walichapisha uchunguzi wa chaguzi mbili za umeya wa Los Angeles, wa 1969 na wa 1973, ambamo Tom Bradley, mtu Mweusi, alishindana na Sam Yorty. Mtu angetarajia kwamba Wazungu waliomkataa Bradley ni wale waliohofia nafsi zao: kupata jirani Mweusi, kupoteza kazi, mtoto kuchanganywa na watoto Weusi shuleni. Hofu hizo hazikueleza mengi. Kilichoeleza zaidi ni imani kwamba Weusi hawajitumi na kwamba wanadai zaidi ya stahili yao. Lugha ya damu duni ilikuwa imekwisha kuondoka, na nafasi yake imechukuliwa na lugha ya bidii na upendeleo. Mtu mwenye imani hiyo hukana ubaguzi, na anapokana hasemi uongo, kwa sababu moyoni mwake anaona anatetea haki.

Katika swali moja linalotumika sana Marekani kupima kinyongo hicho, mhojiwa huulizwa kama anakubali kwamba Waairishi, Waitaliano, Wayahudi na wengine wengi walishinda ubaguzi wakajiinua, na kwamba Weusi nao wafanye hivyo bila kupendelewa. Nimewahi kulipeleka swali hilo darasani hapa Dar es Salaam, nikiwa nimebadilisha majina tu: Wachaga, Wahaya na Wanyakyusa walijitahidi, wakasoma, wakapata maendeleo, Wahadzabe nao wafanye vivyo hivyo bila kupendelewa. Ilikuwa saa nane mchana, feni moja kati ya mbili ilikuwa haifanyi kazi, na vijana walikuwa wamechoka. Lakini mikono iliinuka upesi. Wengi walikubali. Kijana mmoja aliyekaa dirishani, mzaliwa wa Mbulu, jirani na wanakoishi Wahadzabe, hakuinua mkono. Nilipomwuliza sababu alisema taratibu: "Mwalimu, Wachaga walijiinua wakiwa juu ya ardhi yao. Mhadzabe anaambiwa ajiinue wakati sisi tumeshalima pale alipokuwa anachimba mizizi."

Alisema "sisi". Darasa lilinyamaza, nami nikaacha somo nililokuwa nimeliandaa tukalizungumzia neno hilo mpaka saa ya kutoka, kwa sababu kijana yule alikuwa amelitaja jambo linaloitofautisha mada ya watu wa asili na mada nyingine zote za rangi. Mtu Mweusi wa Marekani, au Mwasia wa Uingereza, anapodai haki, anadai sehemu yake ndani ya taifa lililopo. Mtu wa asili anapodai haki, anauliza taifa lenyewe lilipataje mahali liliposimama. Huwezi kumkubalia bila kukubali pia jambo fulani kuhusu babu yako.

Nchini Marekani sheria ya Dawes ya 1887 iligawanya ardhi za pamoja za Wahindi Wekundu kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja na kuruhusu iliyobaki iuzwe kwa walowezi. Ardhi yao ikashuka kutoka takriban ekari milioni 138 mwaka huo hadi takriban milioni 48 mwaka 1934. Nchini Australia, sheria ilichukulia kwamba Waingereza walipofika ardhi ile haikuwa na mwenyewe, na hali ilikuwa hivyo mpaka tarehe 3 Juni 1992, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua vinginevyo katika kesi ya Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Januari, hakuisikia hukumu. Uvumi ukaenea kwamba familia za mijini zingenyang'anywa mpaka viwanja vya nyuma ya nyumba zao, ingawa hukumu haikugusa ardhi ambayo watu walikuwa wamekwisha kumilikishwa moja kwa moja. Uvumi ule haukuwa na msingi wa kisheria, lakini ulikuwa na mashiko mioyoni. Mjukuu wa mlowezi amelelewa kwa hadithi ya kweli kabisa, kwamba babu alifyeka vichaka, akachimba kisima, akazika watoto wawili, akaacha shamba. Ukimwambia shamba lile lilikuwa na wenyewe, anasikia kwamba unamwita babu yake mwizi. Anaposikia hivyo hatafuti kujua ushauri wa chombo cha Sauti ungefanyaje kazi. Anatafuta sentensi itakayomwezesha kukataa akiwa mtu mwema, na sentensi hiyo iko tayari: sote ni sawa.

Nchini Kanada, Edana Beauvais na Dietlind Stolle wamechunguza mambo hayo mawili kwa pamoja, utambulisho wa kizungu na kinyongo cha walowezi dhidi ya watu wa asili. Naona wamefanya jambo la maana kukipa kinyongo hicho jina lake badala ya kukichukulia kuwa tawi la mambo ya Weusi na Wazungu wa Marekani.

Sasa, je, kila aliyepiga Hapana alikuwa na kinyongo? Hapana, na naomba mdogo wako asimhukumu mzee yule kwa kura moja. Seneta Lidia Thorpe, ambaye ni Mwaborijini, aliipinga Sauti kwa sababu aliona ni chombo dhaifu kinachochelewesha mkataba wa kweli kati ya taifa na watu wa asili. Seneta Jacinta Nampijinpa Price, naye Mwaborijini, aliipinga kwa sababu tofauti kabisa, akisema inawagawa raia kwa misingi ya asili. Halafu kuna historia ya katiba yenyewe: kabla ya 2023 mapendekezo 44 yalikuwa yamepelekwa kwa wananchi na manane tu ndiyo yaliyopita, na hakuna lililopita bila vyama vikubwa vyote viwili kuliunga mkono. Peter Dutton, kiongozi wa upinzani wakati huo, alipotangaza kuipinga, mlima ulikuwa tayari umekuwa mrefu. Kampeni ya Hapana ilitumia kauli mbiu ya kuwaambia watu kwamba kama hujui, piga Hapana. Kauli hiyo ilimpa mtu asiyejali mahali pa kukaa pamoja na mtu mwenye kinyongo, wala karatasi ya kura haiwezi kuwatenganisha. Lakini jambo moja halina budi kusemwa wazi: katika vituo vya mbali vya Northern Territory, vyenye wapiga kura wengi Waaborijini, kura nyingi zilikuwa za Ndiyo. Watu waliokuwa wakizungumziwa walikuwa wamesikika, lakini wao ni chini ya asilimia 4 ya taifa.

New Zealand imepita njia inayofanana na hiyo ikafika kwingine. Huko kuna Mkataba wa Waitangi wa 1840 kati ya Taji la Uingereza na machifu wa Maori, na viti vya Maori bungeni tangu 1867. Mwaka 2024 chama cha ACT, kinachoongozwa na David Seymour, ambaye mwenyewe ana asili ya Maori, kilileta muswada wa kutafsiri upya misingi ya mkataba huo, na hoja yake kuu ilikuwa ile ile ya haki sawa kwa kila raia. Mbunge kijana, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, aliichana nakala yake bungeni na kuanzisha haka, ngoma ya jadi ya Maori, makumi ya maelfu wakaandamana hadi Wellington, na tarehe 10 Aprili 2025 muswada ukaanguka kwa kura 112 dhidi ya 11. Naamini tofauti kubwa ni ile karatasi ya 1840. Mtu wa New Zealand anayewatambua Maori kuwa wa kwanza anaendeleza jambo ambalo taifa lake linalikumbuka kila mwaka, ilhali Mwaustralia alitakiwa aanze upya.

Usidhani pia kwamba utambulisho ni jiwe. Katika sensa ya Bolivia ya 2001 takriban asilimia 62 ya watu wazima walijitambulisha kuwa wa moja ya makabila ya asili. Katika ile ya 2012, baada ya Evo Morales kuwa rais na katiba mpya ya 2009 kulitangaza taifa kuwa la mataifa mengi, walikuwa takriban asilimia 41. Hakuna aliyebadilika damu. Maana ya kujiita mtu wa asili ilikuwa imebadilika, na siasa ilichangia kuibadilisha.

Nifike kwetu, ambako naona swali lako lina moto zaidi. Lugha yetu yenyewe inatutega. Hapa Dar es Salaam neno mzawa halimaanishi Mhadzabe. Linamaanisha Mwafrika dhidi ya Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Aliyetengwa katika hotuba za uzawa ni mwenye duka la Uhindini, na aliyekuwa akisema ni sisi tulio wengi. Ni mjadala wa zamani. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilipoamua, katika mkutano wake wa Tabora, kushiriki uchaguzi huo wa kura tatu, Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake kwa msimamo wa Afrika kwa Waafrika. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, wabunge kadhaa walitaka uraia ufuate rangi, naye Nyerere akasimama imara hata kusema kwamba serikali yake ingejiuzulu kama ingeshindwa. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi yake akapata chini ya asilimia 2. Mimi najivunia msimamo ule, na nimewafundisha vijana wengi kuujivunia. Hata hivyo, jibu la raia wote ni sawa, lililotuokoa katika suala la rangi, tulilibeba tukalipeleka mahali ambapo lina madhara. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali hiyo hiyo iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega wavae suruali. Waliobuni kampeni ile walijiona wanawainua ndugu zao.

Mwaka 2007 Tanzania ilipiga kura ya Ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopita tarehe 13 Septemba kwa kura 144 dhidi ya nne. Nne hizo ni za Australia, Kanada, New Zealand na Marekani, ambazo zote zilikuja kubadili msimamo baadaye. Lakini nyumbani msimamo wetu umekuwa kwamba Waafrika wote ni watu wa asili, kwa hiyo hakuna wa kupewa jina hilo peke yake. Hoja hiyo si ya kubeza, kwa maana nani kati yetu atapanga foleni ya nani alifika mwanzo? Ndiyo maana Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haikutumia kigezo cha kufika mwanzo. Ilitazama ni nani ambaye maisha yake yanategemea ardhi fulani na ambaye amesukumwa pembeni kwa sababu ya maisha hayo. Na Mahakama ya Afrika, inayokaa hapo Arusha, iliutumia mtazamo huo tarehe 26 Mei 2017 ilipoamua kwamba Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya ni watu wa asili na kwamba haki zao zilikiukwa walipoondolewa.

Kwa hiyo sikiliza mazungumzo ya hapa mjini tangu 2022, serikali ilipoanza kuwahamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Kuna hoja nzito za kujadiliwa kwa utulivu, kama ongezeko la watu na mifugo ambalo serikali imelitaja, na malalamiko ya wakazi kwamba hiari iliyotangazwa haikuwa hiari. Ninachokisikia mimi kwenye daladala na kwenye vibaraza ni kitu kingine: wamepewa nyumba bado wanalalamika, hawataki maendeleo, mbona sisi tunahamishwa kupisha barabara na hatusemi. Anayesema hivyo huenda ana mlinzi Mmasai getini kwake, anamsalimia kwa heshima kila asubuhi na kumsomeshea mtoto. Hana chuki. Ana sentensi ile ile ya mwenye nyumba wa Melbourne.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao ni zaidi kidogo ya watu 1,000, mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja katika bonde la Yaeda, kwa kutumia sheria zetu wenyewe za ardhi. Hawakuhitaji kwanza kushinda ubishi kuhusu nani ni mzawa, na majirani zao hawakuhitaji kwanza kuungama. Naliona jambo hilo kuwa la busara, ingawa hati hailindi bonde kama majirani hawaiheshimu.

Sasa mdogo wako amwambie nini mzee yule? Asimwulize kama anawapenda Waaborijini. Atasema ndiyo na mazungumzo yataisha. Amwulize kuhusu John Batman. Mwaka 1835 Batman alikuja na karatasi aliyodai kwamba wazee wa Wakulin, wenyeji wa pale ambapo leo ni Melbourne, walikuwa wametia alama kumwuzia ardhi yao kwa mablanketi, visu, mashoka, vioo na unga. Gavana Richard Bourke aliibatilisha karatasi hiyo mwaka huo huo kwa sababu, kwa mujibu wa serikali ya Uingereza, ardhi ilikuwa ya Taji na wenyeji hawakuwa na cha kuuza. Kisha mdogo wako amsimulie habari za Chifu Mangungo wa Msovero na karatasi aliyotia alama mbele ya Karl Peters mwaka 1884, ambayo kila mtoto wa Kitanzania ameisoma shuleni, na ambayo Wajerumani waliikubali upesi kuwa halali. Wakae wazilinganishe karatasi hizo mbili, mzee aeleze anavyoiona ya kwake na kijana aeleze anavyoiona ya kwetu. Wakimaliza, mdogo wako amweleze pia habari za bonde la Yaeda.